Historia ya Nondo wa Kiwavijeshi katika Afrika ya Mashariki

Ni desturi ya watu wa pwani na wa bara kumwita mama kwa jina la mwanawe. Mwanamke akijifungua mtoto akaitwa Juma, tangu siku hiyo yeye huwa Mama Juma, na jina alilopewa na wazazi wake huanza kusahauliwa na majirani. Desturi hiyo haikuishia kwa wanadamu. Yuko nondo mmoja wa nchi hizi, mdogo, wa rangi ya vumbi, ambaye lugha ya Kiswahili haikumpa jina lake mwenyewe. Huitwa nondo wa kiwavijeshi, yaani mzazi wa yule mdudu ambaye watu humjua kwa hasara yake. Katika vitabu vya elimu ya wadudu aliingia mapema. Francis Walker, aliyekuwa akiorodhesha wadudu wa Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, alimpa jina mwaka 1856, na baada ya kuhamishwa kutoka ukoo mmoja hata mwingine katika maandiko ya wataalamu, sasa huitwa Spodoptera exempta. Walakini kuandikwa jina si kujulikana. Karibu miaka mia moja ilipita baada ya Walker bila ya mtu kuweza kusema kwa yakini nondo huyu hukaa wapi wakati wa kiangazi, wala kwa sababu gani wanawe huzuka kwa maelfu katika shamba moja na kuliacha shamba la pili.

Umbo lake halivuti macho. Mabawa yake yakikunjuliwa hupata upana wa sentimita tatu hivi. Ya mbele ni ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na katika kila moja mna doa mfano wa figo. Ya nyuma ni meupe yaliyofifia, yenye mishipa inayoonekana kwa weusi wake. Dume hutambulikana, kwa mwenye kioo cha kukuzia, kwa magamba madogo ya ncha ya tumbo ambayo umbo lake ni kama la kafi. Mchana hujificha katika majani na magome, usiku huruka. Mtu aweza kuishi miaka sitini katika nchi ya nondo huyu, akala hasara yake mara kumi, asiwe amemtazama hata mara moja kwa kumjua.

Jike hutaga usiku. Mayai huwa mamia kwa mara moja, na katika uhai wake ambao hauzidi sana siku kumi, jike aliyepata maji ya kunywa huweza kufikisha mayai elfu moja. Huyabandika upande wa chini wa majani na kuyafunika kwa vinyweleo vyeusi avitoavyo tumboni mwake. Baada ya siku mbili hadi tano mayai huanguliwa. Watoto huwa wadogo mno, wa rangi ya kijani kibichi, na wengi hujining'iniza kwa nyuzi nyembamba za hariri ili upepo uwachukue hata majani ya jirani. Kuanzia hapo kiwavi hujivua ngozi mara tano, na kila mara huongezeka ukubwa, hata akafika urefu wa sentimita tatu. Muda huo wote huchukua majuma mawili au matatu. Kisha huingia ardhini, kina cha sentimita chache tu, akajifunga katika gamba la kahawia liitwalo pupa, na baada ya siku saba hadi kumi na mbili hutoka nondo mpya. Hesabu yake yote, tangu yai hata yai, ni kama mwezi mmoja.

Katika hesabu hiyo iko sehemu moja inayostahili kukaziwa macho, maana ndiyo iliyowaponza wakulima vizazi kwa vizazi. Kiwavi hali kwa kiasi kilicho sawa katika siku zake zote. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za chakula chake hula katika hatua mbili za mwisho, yaani katika siku chache kabla ya kuingia ardhini. Mkulima apitaye shambani katika juma la kwanza huona majani yametobolewa kidogo tu, na aghalabu haoni hata hilo. Akirudi baada ya siku tano hukuta mahindi yamebaki uti wa jani na shina. Wakati huo viwavi huweza kuwa mamia katika mita moja ya mraba, na pengine zaidi ya elfu. Na chakula kikiisha, hugeuka wote upande mmoja na kwenda pamoja kulitafuta shamba lingine. Ndipo jina lao linapothibitika. Neno kiwavi lenyewe, kwa watu wengi, huleta fikra ya mdudu mwenye manyoya awashaye ngozi, na huyu hana manyoya hayo. Ni laini, na mtoto aweza kumweka kiganjani asidhurike. Sifa yake yote imebebwa na neno la pili.

Wanachokula hujulikana vyema. Ni jamii ya nyasi, pamoja na ndago. Katika mashamba, basi, hula mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano na ulezi, na huko Ethiopia hula tefi. Katika malisho hula ukoka na majani mengine ya ng'ombe. Kunde, maharage, mihogo na pamba huziacha. Katika shamba lililochanganywa mahindi na kunde huweza kuonekana jambo la ajabu, kwamba kunde zimesimama na majani yake yote, na mahindi yaliyokuwa katikati yake hayapo. Wafugaji nao wana kesi yao. Imepata kuripotiwa kwamba ng'ombe waliopelekwa kula ukoka uliotoka kuliwa na viwavi walikufa, na sumu iliyotajwa ni ile inayozalika katika ukoka wenyewe unapochipua upya. Mahali pengine pa dunia nondo huyu yuko vilevile, kwani hupatikana kusini ya Bara Arabu, katika sehemu za Asia ya kusini-mashariki, Australia, na hata Hawaii, ambako jina lake la kawaida limetokana na ndago. Lakini hakuna mahali anapotisha kama Afrika, kuanzia Ethiopia hata Afrika Kusini.

Fumbo la kwanza lililofumbuliwa lilikuwa la rangi. Viwavi waonekanao katika jeshi ni weusi kama masizi, wenye mistari ya njano ubavuni, wepesi wa kwenda, na hukaa juu ya majani mchana kweupe. Wako viwavi wengine, wa kijani au wa kahawia, wazito, ambao hukaa mmoja mmoja katika mashina ya nyasi, na rangi yao hufanana na nyasi hata jicho likawapita. Mtu asiyejua angeapa kuwa hao ni wadudu wa aina mbili. Mwaka 1921 Boris Uvarov alikwisha kueleza jambo la namna hiyo kwa upande wa nzige, kwamba nzige wawili waliodhaniwa kuwa mbalimbali walikuwa ni mmoja aliyebadilika hali. J. C. Faure, mtaalamu wa wadudu wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi kubwa katika nzige, aliligeuza swali hilo upande wa viwavi, na mwaka 1943 akatangaza jawabu. Aliwalea viwavi wa mama mmoja, wengine wakiwa wamesongamana na wengine wakiwa peke yao. Waliosongamana wakawa weusi. Waliotengwa wakawa wa kijani na wa kahawia. Msongamano wenyewe ndio uliowavisha sare ya jeshi.

Thamani ya ugunduzi wa Faure haikuwa katika rangi tu. Ikiwa kiwavi mpweke wa kijani ni yule yule wa jeshi, basi ule wakati ambao watu husema viwavijeshi hawapo, huenda wapo, ila hawaonekani. Likabaki swali la pili lililo gumu zaidi: wapo wapi?

Rai zilikuwa mbili. Rai ya kwanza ilisema kwamba mdudu hubaki pale pale aliposhambulia, amelala ardhini katika gamba lake kiangazi chote, na mvua ikinyesha huamka. Rai hii ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikubaliana na macho: mvua hunyesha, na baada ya majuma mawili viwavi hujaa. Mkulima aliyelala shamba lake likiwa zima, kisha akaliona limefunikwa na wadudu weusi, angekuwa na haki ya kusema ama wametoka ardhini ama wameshuka na mvua. Rai ya pili ilisema kwamba nondo husafiri kutoka mbali. Ushahidi wa kuipinga ile ya kwanza ulipatikana polepole. Hapakuonekana usingizi wa namna hiyo katika mdudu huyu. Pupa wake hutoa nondo kwa wakati wake, ama hufa kwa ukavu. Lakini kuivunja rai moja si kuithibitisha nyingine, na ili kuthibitisha kwamba nondo husafiri ilihitajika kazi ambayo mtu mmoja, wala nchi moja, isingeiweza.

Kazi hiyo ilifanyika Muguga, karibu na Nairobi, mahali palipokuwa na kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kilichotumikia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. E. S. Brown, ambaye mwaka 1962 alichapisha mapitio ya maandishi yote yaliyokuwapo juu ya mdudu huyu, aliongoza uchunguzi katika miaka hiyo ya 1960. Chombo kikuu kilikuwa mtego wa taa. Taa yenye mwanga mkali iliwekwa juu ya chombo kama mrija mpana wa kumiminia mafuta. Nondo akivutwa na mwanga huanguka ndani asiweze kutoka. Kila asubuhi mtu wa mtego alikifungua, akamwaga lundo la wadudu wa kila namna, akawachambua nondo waliotakiwa, akawahesabu na kuandika. Kazi hii haina sifa. Usiku mmoja wa mvua huweza kuleta wadudu maelfu, na usiku wa mwezi mpevu huleta wachache kwa sababu taa hushindwa na mwezi. Yote mawili lazima yaandikwe kwa uaminifu ule ule. Watu walioandika hesabu hizo katika vituo vya kilimo vya nchi tatu hawatajwi katika vitabu, na bila ya daftari zao pasingekuwa na kitu cha kueleza hapa.

Mwaka 1969 Brown, pamoja na Elizabeth Betts na R. C. Rainey waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa nzige mjini London, walikusanya hesabu za mitego na taarifa za mashamba, wakazipanga juu ya ramani mwezi kwa mwezi. Ramani zikasema lililokuwa haliwezi kusemwa na shamba moja. Mashambulio ya kwanza ya msimu hutokea mara nyingi katika Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapoanza, katika sehemu za kati na mashariki za Tanzania, kama Dodoma na Morogoro, na mashariki ya Kenya. Baada ya kama mwezi mmoja, ambao ndio umri wa kizazi, mashambulio huonekana mbele zaidi. Kadiri majira ya pepo yanavyogeuka, mlolongo huo huelekea kaskazini: Arusha na Kilimanjaro, nyanda za juu za Kenya, Uganda, kisha Ethiopia kati ya Machi na Juni, na pengine huvuka bahari hata Yemen. Kila hatua ilifuata ukanda wa mvua na mwendo wa upepo. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyelala ardhini.

Namna safari yenyewe inavyofanywa ilionekana baadaye. Nondo watokao ardhini usiku hupanda kwanza katika miti iliyo karibu, wakakusanyika humo kwa wingi, na jioni ifuatayo huondoka. D. J. W. Rose na C. F. Dewhurst walieleza mkusanyiko huo mwaka 1979, na katika miaka iliyofuata vilitumika nchini Kenya vyombo vya rada ambavyo viliweza kuwaona nondo wakiwa mamia ya mita juu ya ardhi, gizani, wakichukuliwa na upepo. Wengine walitiwa alama na kunaswa katika mitego ya mbali upande ulikokwenda upepo. Huko Bangor, Wales, A. G. Gatehouse na wenzake waliwafunga nondo katika vyombo vya kupimia mruko, wakaona kwamba wako wanaoruka kwa saa nyingi bila ya kupumzika na wako wanaochoka mapema, na kwamba tabia hiyo hurithiwa na watoto. Katika nondo wa aina moja, basi, wamo wasafiri na wamo wakaaji.

Jambo zuri kuliko yote katika sehemu hii ya historia ni kwamba mkulima aliyesema viwavi wameshuka na mvua alikaribia kweli kuliko wengi waliomcheka. Dhoruba ya mvua huvuta upepo kutoka pande zote, na pepo zikutanapo chini ya wingu huwakusanya nondo waliokuwa wametawanyika hewani katika eneo kubwa, kama ufagio ukusanyavyo taka mlangoni. Nondo hutua hapo kwa pamoja, waliochoka na wenye kiu. Mvua huwapa maji ambayo jike hawezi kutaga vizuri bila ya kuyanywa. Baada ya siku chache mvua ile ile huotesha nyasi changa na mahindi ya kwanza. Watoto huanguliwa mezani. Hii ndiyo sababu shamba moja huteketea na la jirani, ambalo wingu halikulifikia, husalimika. Si uchawi wala bahati ya mwenye shamba.

Na kiangazi? Hapo ndipo pwani inapoingia. Wakati bara limekauka, katika mwambao wa Kenya na Tanzania mvua ndogondogo huendelea kuanguka na nyasi hubaki na unyevu, na vivyo hivyo katika baadhi ya miinuko. Humo wamepatikana viwavi wa kijani wa hali ya upweke, wachache mno katika eneo kubwa, wakizaliana kimya. Vuli ikianza, pepo zitokazo baharini huweza kuwapeleka nondo wao bara kwenye dhoruba za kwanza. Watu wa pwani wanaojihesabu kuwa hawajui viwavijeshi huenda wamekuwa wakiwapa makao miaka yote.

Kujua haya kulikuwa na maana moja kubwa kwa mwenye shamba. Nondo akinaswa katika mtego leo, kiwavi mlaji atakuwa shambani baada ya majuma mawili hivi. Katika siku hizo mtu aweza kutafuta dawa na kukagua majani ya chini. Tangu mwaka 1969 Muguga ikaanza kutoa utabiri wa kila juma katika msimu: hesabu za mitego zililetwa, mvua na pepo zikatazamwa, na maonyo yakapelekwa katika nchi tatu. P. O. Odiyo, aliyefanya kazi hiyo, aliieleza mbele ya wanasayansi wa Uingereza mwaka 1979. Ulikuwa utaratibu wa busara. Kilichopimwa ndani yake hasa kilikuwa mwendo: mwendo wa nondo juu ya upepo, na mwendo wa habari juu ya ardhi. Nondo alikuwa na siku zake zisizobadilika. Habari ndiyo iliyoweza kuharakishwa au kucheleweshwa na wanadamu.

Ilicheleweshwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na taasisi zilizokuwa za pamoja zikagawanywa kama mali ya marehemu. Nondo hakuarifiwa kuwa Jumuiya imevunjika. Aliendelea kutoka Dodoma kwenda Nyeri kama kawaida yake. Kenya ikaendelea na utafiti katika taasisi yake, Tanzania ikawa na huduma yake ya kudhibiti visumbufu huko Tengeru karibu na Arusha, na kazi ya kuunganisha habari za nchi nyingi ikachukuliwa baadaye na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1962 kwa ajili ya nzige na lenye ndege za kunyunyiza dawa. Lakini hata pale utabiri ulipokuwa mzuri, njia ya kuufikisha ilikuwa ndefu. Kutoka kijijini hesabu ilipanda hata makao makuu, ikapimwa, ikateremka mkoani, ikateremka wilayani, na mara nyingi ikalala hapo. Barua iliyochukua siku kumi na nne ilimkuta kiwavi amekwisha kuingia ardhini.

Miaka ya hatari nayo ilichunguzwa. A. W. Harvey na G. A. Mallya walizipitia kumbukumbu za Tanzania, na mwaka 1995 wakaonyesha kwamba misimu mibaya hufuata aghalabu vipindi vya mvua chache. Sababu zinazotajwa ni kwamba ukame huwapunguza maadui wa viwavi, na nyasi zinazoota baada ya ukame huwa na lishe nyingi. Tena dhoruba chache zilizotengana huwakusanya nondo pamoja, hali mvua zilizoenea huwatawanya. Kwa mkulima maana yake ni ngumu. Mwaka ambao ghala yake ni tupu kwa ukame uliopita ndio mwaka ambao mahindi yake mapya huwa katika hatari kubwa, na mbegu ya kupanda mara ya pili hana.

Maadui wa kiwavi ni wengi. Makorongo, wakiwamo wale wageni watokao Ulaya, hufuata majeshi ya viwavi na kula hata wakashindwa kuruka vyema. Yangeyange nao hawakosi. Wako nyigu na nzi watagao mayai mwilini mwake. Adui mkubwa zaidi haonekani kwa macho. Brown na G. Swain mwaka 1965 walieleza ugonjwa wa virusi ambao huwaangamiza viwavi kwa wingi kuelekea mwisho wa msimu. Kiwavi mgonjwa hupanda juu kabisa ya jani, akajishika, akafa akiwa ananing'inia, kisha mwili wake huyeyuka na kudondoka juu ya majani yatakayoliwa na wenziwe. Ubaya wa tiba hii ni kuchelewa kwake, kwani huja wakati chakula kimekwisha kuliwa. Pana na siri nyingine, iliyogunduliwa mwaka 1998 na A. F. Reeson na wenzake: kiwavi mweusi wa jeshi huustahimili ugonjwa huu kuliko kiwavi wa upweke. Penye watu wengi maradhi huambukizana upesi, na mdudu huyu, aonapo msongamano, hujitengenezea kinga kabla ya kuugua.

Dawa za viwandani zilizotumika zamani, DDT mojawapo, ziliachwa kwa madhara yake, na zilizofuata zilikuwa ghali kwa mtu wa ekari mbili. Kabla ya dawa hizo watu walichimba mitaro yenye kingo wima mbele ya jeshi, wakawaponda walioanguka ndani. Katika miaka ya 2000 mtaalamu wa Tanzania Wilfred Mushobozi, akishirikiana na David Grzywacz, Kenneth Wilson na wengine wa Uingereza, alijaribu kuvigeuza virusi vile kuwa dawa: kuvikusanya kutoka kwa viwavi waliokufa na kuvinyunyiza mapema, viwavi wakiwa bado wachanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba jambo hilo lawezekana katika mashamba na malisho ya Tanzania. Lakini dawa hii hudai kitu kile kile, yaani kujua mapema, maana virusi huchukua siku kadhaa kuua.

Ndipo katika miaka hiyo hiyo wazo rahisi likajaribiwa katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa. Harufu ambayo jike hutoa usiku kumwita dume ilikuwa imekwisha kutambuliwa na wataalamu katika miaka ya 1970, na mtego uliotiwa harufu hiyo hauhitaji taa wala umeme. Kijiji kilipewa mtego mmoja na kipimo cha mvua. Wakulima waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kuhesabu nondo, kusoma kipimo, na kutoa hukumu wenyewe kwa kanuni fupi: nondo wengi pamoja na mvua ya kutosha ni onyo. Onyo hilo halikupanda mlima wa ofisi na kuteremka tena. Lilisemwa siku hiyo hiyo katika mkutano, shuleni na penye ibada, na watu wakaenda kukagua mashamba yao. Mpango huo baadaye ulipelekwa katika wilaya nyingine na nchi za jirani. Safari ya habari ilikuwa imepunguzwa hata ikawa mwendo wa kutoka mtegoni mpaka barazani.

Upande wa jina, hata hivyo, mambo yalizidi kuchanganyika. Januari 2009 serikali ya Liberia ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya viwavi waliofunika vijiji na kuchafua visima, na dunia nzima ikaambiwa kuwa ni viwavijeshi. Wataalamu walipowachunguza waliwakuta ni watoto wa nondo mwingine kabisa, Achaea catocaloides, walaji wa majani ya miti ya msituni. Kosa hilo lilisahihishwa kwa majuma machache. Lililofuata halikusahihishika upesi hivyo. Mwaka 2016 nondo wa asili ya Amerika, Spodoptera frugiperda, alionekana Afrika ya Magharibi na ya Kati, na kufika mwaka 2017 alikuwa katika mashamba ya Kenya na Tanzania. Naye akaitwa kiwavijeshi. Baadaye likaongezwa neno, akawa kiwavijeshi vamizi, lakini katika mazungumzo ya mashambani neno la pili mara nyingi huachwa.

Ndugu hawa wawili tabia zao ni mbali. Mgeni hajipangi katika jeshi. Huingia ndani ya moyo wa mhindi na kula humo amejificha, na akiisha kufika katika nchi hukaa humo mwaka hata mwaka penye mahindi. Mwenyeji huja, hula, hutoweka. Kila nondo ana harufu yake, na mtego uliotiwa harufu ya mmoja si mtego wa mwenziwe. Virusi vilivyomzoea mmoja haviwezi kutegemewa kwa mwingine. Mtu aliyeambiwa kwamba viwavijeshi hukaa ndani ya mhindi huweza kuukagua moyo wa mmea, akauona safi, akarudi nyumbani akiwa na amani, hali mayai ya yule wa zamani yamo chini ya majani ya nyasi za ukingoni. Ndiyo maana mtaalamu aliyeletewa kiwavi ndani ya kopo, kabla ya kutaja dawa yoyote, humgeuza kwanza na kumtazama karibu na mkia, aone kama yapo yale madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba, ambayo ndiyo alama ya mgeni.